Mita Chini ya Drai

Nesi alisema chumba kiwe na joto. Akarudia mara ya pili akinitazama mimi na siyo shemeji, maana alishaona ni nani kati yetu anayesikiliza.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo hadi soksi za mwanasesere zilimpwaya. Alikaa hospitali muda mrefu, na dada akakaa naye, mpaka akawajua wafagizi wote wa wodi na matatizo yao ya nyumbani. Sasa uzito ulikuwa umefika, ananyonya vizuri, analia kama watu. Lililobaki lilikuwa joto tu. Msimu ule wa baridi, ukiegemea ukuta wa nyumba yetu unadhani umeegemea chupa ya maji.

"Daktari ameshasaini," nesi alisema. "Kesho Jumapili, mkiwasha hita na chumba kikashika joto, nipigieni kabla sijatoka zamu, nawaachia mtoto wenu. Mkishindwa, ruhusa hii imekufa. Tutaanza upya daktari akirudi, na hilo ni la wiki nyingine."

Alinishika kidole kimoja akakibana, kama anavyofanya mwanawe mkubwa akiona mbwa.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi nyumba ilijaa mafundi. Walikuwa wawili tu, lakini mmoja wao alitosha kuijaza peke yake. Huyo alikuwa fundi bomba, mtaa mzima unamwita Kibonge na yeye mwenyewe anaitika. Alikuja kuziba tangi la maji lililoko darini, ambalo lilikuwa likidondosha juu kabisa ya chumba cha dada. Mwingine alikuwa fundi umeme, mwembamba, kipara, shati kalichomekea hata akiwa anatambaa juu ya mbao. Kazi yake ilikuwa kuvuta waya mpya kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, aupitishe darini, aushushe chumbani kwa ajili ya hita. Soketi ya zamani ilikuwa nyeusi kama imekula makaa, hakuna aliyethubutu kuchomeka hata simu.

Huyu wanamwita Pima. Ukimuuliza lolote jibu lake ni "tupime kwanza". Nilimpa kikombe cha chai akakigusa kwa mgongo wa mkono kabla ya kukishika.

"Ina shoti?" Kibonge akamuuliza.

"Wewe kanywe yako. Ukiungua ulimi tutapumzika kidogo."

Waliishi hivyo. Wamefanya kazi pamoja miaka na miaka, na sikuwahi kuwasikia wakiambiana neno zuri, wala kumwona mmoja akianza kula kabla mwenzake hajanawa.

Kibonge alimaliza tangi mapema. Alilimwaga maji, akalikausha, akaziba ufa, akashuka kupitia kile kitundu cha dari huku akilalamika kwamba kimepungua. Pima akapanda zamu yake. Sasa, mmoja akiwa juu darini na mwingine nje kwenye koki kubwa, sauti hazifikiani. Ndiyo maana walikuwa na desturi yao: Kibonge akitaka kufungua maji anagonga bomba mara tatu. Mwenzake akiwa tayari, anajibu mara mbili. Asipojibiwa, hafungui. Asubuhi ile niliwasikia wakizungumza hivyo mara kadhaa, ko ko ko huku, ko ko kule, hata nikaanza kuzoea kama mlio wa saa.

Sikuwa peke yangu niliyezoea.

Mwana mkubwa wa dada bado hajafika miaka mitatu, tunamwita Mkaguzi. Hakuna droo ambayo hajaikagua wala kiatu ambacho hajakichungulia. Siku ile nilimpa kijiko kikubwa cha supu ili aache bisibisi za watu, naye akakaa kwenye ukumbi mwembamba karibu na bafu, pale bomba linapopita, kimya. Ningekuwa na akili timamu, kimya kile kingenishtua. Lakini nilikuwa nafuta vumbi chumbani kwa dada, na Pima alikuwa ameshuka, anachimba ukuta kwa nyundo na tindo aweke kisanduku cha soketi. Kelele zilikuwa za kutoa watu masikio.

Begi lake alikuwa ameliacha juu. Mbao za dari yetu ni nyembamba, aliliweka hapo mara moja ubao ukapinda kama unasujudu. Akatazama huku na huku akaona tangi: limekauka, safi, limekaa juu ya boriti nene. Akaliweka begi ndani ya tangi, vizuri, kama mtu anayeweka nguo kabatini.

Nyundo ilipotulia kidogo nilisikia maji yakikimbia ndani ya ukuta. Nilifurahi. Nikajisemea, tangi linajaa, mambo yanakwenda.

Pima akapanda kwenda kuchukua mita yake ya kupimia umeme. Halafu ikatoka sauti ambayo sikuijua kama ni yake.

"Kibonge! Funga! Funga maji!"

Alishuka ameloa mpaka mabegani, begi kifuani, maji yanachuruzika kila kona. Kibonge akaingia mbio, shemeji nyuma yake.

"Umefungua bila kugonga!" Pima alimwambia.

"Nimegonga! Tatu! Na wewe ukajibu mbili!"

"Nijibu saa ngapi, na mimi nilikuwa napasua ukuta?"

"Sasa aliyejibu ni nani, jini?"

Ukumbini pakasikika: ko, ko.

Sote tukageuka. Mkaguzi alikuwa amekaa palepale, kijiko mkononi, anatutazama kama mtu aliyesubiri muda mrefu kusifiwa.

Kibonge alicheka mpaka akakalia ndoo, na ndoo ikapasuka. Shemeji akacheka. Mimi nikageukia ukutani. Hata Pima midomo ilimcheza kidogo, ila macho yalikuwa kwenye begi. Alitoa vitu kimoja kimoja akavipanga sakafuni. Plaizi na bisibisi zilikuwa hazina neno, ni za kufuta tu. Drili ilitema maji, lakini matundu yote alishayatoboa. Mwisho akatoa mita, ile ya mkononi yenye kioo na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Akaiinamisha. Maji yakatoka kama yanavyotoka sikioni mwa mtu aliyeoga mtoni.

Hapo kicheko kikakatika.

"Fundi," shemeji akasema polepole, "waya si umeshaufunga? Washa tu tuone."

"Tuone nini? Tuone moto?" Pima hakupandisha sauti. "Nyumba ya zamani, dari imeloweshwa na tangi sijui tangu lini. Siwashi kitu ambacho sijakipima. Na chumba cha mtoto mchanga, ndiyo kabisa."

Hakuna aliyembishia. Walianza kupiga simu. Fundi mwenzake mwenye mita nyingine alikuwa kazini mji mwingine. Maduka ya vifaa Jumapili yamefungwa. Kibonge akatoka nje kuangalia jua, akarudi akisema jua lenyewe limejifunika blanketi. Shemeji akaketi kwenye kitanda cha dada, kilichotandikwa tangu asubuhi, mikono katikati ya magoti. Nikakumbuka kidole changu kilivyobanwa.

"Fundi," nikasema, "ikipata upepo wa moto?"

"Moto mkali utaimaliza. Plastiki itajikunja."

"Na wa uvuguvugu?"

Akanitazama. "Wa kutoka wapi? Umeme wa nyumba nimeuzima."

Nikamwonyesha kidole nje ya dirisha, ng'ambo ya barabara, ninapofanya kazi siku nyingine zote.

Tulivuka, mimi na beseni lililofunikwa taulo, Pima nyuma yangu na plaizi zake mfukoni. Saluni ilikuwa imejaa. Mama mwenye saluni alikuwa anasuka, na chini ya zile drai tatu kubwa za kusimama, za kuingiza kichwa nywele zikauke, walikaa wanawake watatu wenye rola. Wa katikati alikuwa mama mnene mwenye vidani, shangazi wa bwana harusi, na kila aliyeingia alikuwa ameshaambiwa hivyo.

"Leo si zamu yako," Mama Saluni akaniambia bila kuinua macho.

"Najua, mama. Nimeleta wateja."

Akainua macho. Akamwona Pima mlangoni, anafuta viatu.

"Karibu, baba," akasema. "Tunasuka au tunaseti?"

"Nywele zenyewe ziko wapi?" akadakia binti aliyekuwa anasukwa. "Huyo ni wa kupiga rangi ya kiatu."

Saluni ikaanguka kwa kicheko. Pima akajipapasa kipara. "Hizi nimezipeleka kwa fundi," akasema, "zitakuwa tayari Ijumaa."

Nikafunua taulo. Wakachungulia: mita, drili, testa, chaja, vyote vinatoa machozi. Wakacheka upya. Nikangoja wamalize, halafu nikawaambia habari ya mtoto, nesi na zamu yake. Sikuongeza chumvi. Nilisema tu dada yangu anangoja kitandani hospitali na nguo za safari amevaa.

Mashine zilinguruma. Kisha shangazi wa bwana harusi akajisukuma kifua mbele, akainua drai kutoka kichwani mwake kama anavua kofia.

"Lete hicho kidude," akasema.

"Shangazi, rola zako hazijakauka!" Mama Saluni akashtuka.

"Kwani anayeolewa ni mimi? Hata nikienda na ndoo kichwani, watu watamtazama bibi harusi. Weka hapa, mwanangu."

Wale wengine wawili wakainuka pia, wakalalamika kwa furaha, wakaenda kukaa kwenye benchi na rola zao.

Pima akafungua mgongo wa mita kwa bisibisi ndogo. Ndani mlikuwa na maji katika kila pembe. Kwenye nywele, ukikimbilia kukausha juu, chini panabaki pameloa, na mteja anarudi kesho na mafua. Nikachukua kitana cha mkia, nikazungushia pamba kwenye ncha yake, nikaanza kunyonya tone moja moja, chini ya waya, nyuma ya kioo, kwenye matundu ya skrubu. Nikitoa pamba iliyoloa naweka kavu. Pima alinishikia taa ya simu. Halafu nikaiweka mita juu ya taulo kwenye kiti, nikapandisha drai juu kabisa, nikageuza swichi kwenye joto la chini. Nikaingiza mkono pale, mgongo wa mkono ukitazama juu, kama ninavyofanya kwa watoto wenye vichwa laini.

"Unapima," Pima akasema.

"Napima."

Akatingisha kichwa taratibu. Drili ikapata drai ya kushoto, testa na chaja ya kulia. Watu waliopita barabarani walisimama dirishani kuona vichwa vitatu visivyo na watu. Kibonge akaja na Mkaguzi begani. Mtoto akatazama safu yote, akatazama kijiko chake, akakinyoosha.

"Na hiki, mamdogo. Kimeloa."

Tukakiweka karibu na drili. Ungeona mtu alivyotulia.

Nilikaa kwenye kigoda nikitazama kioo cha mita. Nyuma yake palikuwa na ukungu, umekifunika chote. Wengine walipiga soga: harusi, mahari, bwana harusi alivyokuwa akilala darasani utotoni. Mimi sikuondoa macho. Ukungu ulianza kurudi nyuma kutoka pembeni, polepole sana. Shemeji akaja mlangoni na simu. "Nesi anauliza."

"Mwambie bado yuko drai," shangazi akamjibu.

Ukungu ukabaki kama sarafu, kisha kama punje, kisha nikawa siuoni. Nikangoja tena kidogo. Pima naye aliona, naye hakuniharakisha.

Akaifunga. Akazungusha kitufe. Kioo kikabaki kitupu.

Akazungusha tena. Kitupu.

"Betri zake ni zilezile?" nikauliza.

"Zilezile."

"Zilizolala kwenye tangi?"

Akazitoa, akazinusa, akazitupa. Mimi nilikuwa nimeshainua macho kwenye ukuta, pale saa kubwa ya saluni inapogonga tik tik juu ya kioo. Mama Saluni akafuata macho yangu.

"Chukua," akasema. "Humu hakuna anayetaka kujua ni saa ngapi, wananisumbua tu."

Saa ikatolewa betri, ikasimama. Pima akaweka betri, akazungusha kitufe, na tarakimu zikajitokeza kwenye kioo, nyeusi, zimenyooka. Hakushangilia. Akagusanisha ncha za zile waya mbili, mita ikalia piii. Akaenda kwenye soketi ya saluni, yenye umeme anaoujua, akapima, akaangalia, akapima soketi nyingine.

"Inasema kweli," akasema.

Mle ndani mlilipuka vigelegele. Shangazi alimkumbatia Pima, rola zikamwachia alama kwenye paji la uso. Kibonge akaibeba mita juu ya kichwa, akapigwa kibao cha mkono. "Weka chini! Unataka kuizamisha mara ya pili?"

Tulirudi nyumbani kama msafara. Pima akapanda darini, mimi nikasimama kwenye ngazi nikimmulikia. Alipima. Akapima tena.

"Njoo uone," akaniambia. Karibu na tangi, kwenye kisanduku kidogo cha kuungia waya, maji yaliyomwagika begi lilipotolewa yalikuwa yameingia ndani. "Hapa tungewasha, umeme ungetoka njiani ukatembea kwenye boriti." Hakumtazama shemeji, wala shemeji hakungoja kutazamwa. Alikuwa chini ananyoosha mikono kupokea waya utakaokatwa. Pima akakata pale pabaya, akaunganisha upya pakavu, akafunga, akapima. Akatikisa kichwa kwamba sawa. Akapima mara moja zaidi.

"Haya, washeni."

Shemeji akabonyeza swichi kubwa. Chumbani kwa dada hita ikatoa mlio mdogo, kisha waya zake zikaanza kuwa nyekundu, kuanzia katikati. Kibonge akainyooshea mikono kana kwamba ameiwasha mwenyewe. Mimi nikapiga simu. Nesi aliuliza joto likoje, nikaweka mgongo wa mkono hewani nikamwambia, kisha nikamweleza chumba kina mapazia gani na mlango unafungwaje, mpaka akacheka.

"Njoo umchukue, basi," akasema. "Niko hapa."

Tulipofungua mlango ili shemeji atafute gari, gari lilikuwa limeshasimama nje, limepambwa maua na utepe mweupe kwenye boneti. Dirishani alikuwa shangazi, rola zote kichwani.

"Tunapita hospitali," akasema. "Panda, shemeji. Bwana harusi atangoja, mimi ndiye mwenye pete."

Ndivyo mtoto wetu alivyofika nyumbani, ndani ya gari la harusi, honi zinalia mpaka kona ya mtaa wetu, kisha kimya, maana dada alikuwa amewakataza. Alishuka na kile kifurushi kifuani, mtoto amefunikwa mpaka nyusi. Mama Saluni na wateja wake walisimama ng'ambo, hawakuvuka, walipunga tu taulo.

Dada aliingia chumbani. Alisimama katikati, akafumba macho, joto likampiga usoni. Akaketi kitandani, akamfunua mtoto uso, na mtoto akapiga chafya ndogo, akaendelea kulala. Shemeji akamshika mguu mmoja ulio ndani ya soksi ya mwanasesere. Pima alikuwa mlangoni, anapapasa fremu, anajifanya anaikagua.

"Fundi," dada akamwita, "mbona una alama za mistari usoni?"

"Ni za saluni," Kibonge akamjibia. "Ameseti."

Dada alikuwa bado anatutazama mmoja mmoja, haelewi, wakati ukumbini Mkaguzi alipochukua kijiko chake kilichokauka. Ko ko ko.

"Nini hicho?" dada akashtuka.

"Ni mwanao," nikasema. "Anauliza kama tuko tayari afungue maji."

"Mwenyewe anafungua maji?"

"Leo ndiye fundi mkuu," Pima akasema.

Bomba linapita kwenye kona ya chumba kile, karibu na kichwa cha kitanda. Dada akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, polepole, akanyoosha mkono wa kulia, na kwa pete yake ya ndoa akagonga mara mbili.

Ukumbini tukasikia kicheko, na miguu midogo ikija mbio.